Siku KARIBUNI Ilipobaki BUNI

Nianze mwenyewe kukiri, maana nisipoanza mimi atawaanzishia mtu mwingine na ataongeza chumvi: ni kweli, mimi Beno ndiye fundi niliyewafanya watu wa vijiji kadhaa wajitwishe kahawa na kuipeleka kwenye hoteli ya samaki. Ni kweli pia kwamba diwani alibaki amekumbatia nusu ya kibao mbele ya umati, na kwamba mimi siku hiyo nilitoka mbio kwa mlango wa jikoni nikapita katikati ya akina mama wanaopepeta mchele, wala sikusimama hata kuomba radhi kwa ungo nilioupiga teke. Aibu hiyo naijua vizuri, tumezoeana. Mpaka leo nikipita karibu na stendi ya Mbinga hakosi mtu wa kuniuliza, "Beno, buni bei gani leo?", nami nainua mkono kumsalimia, nitafanyaje?

Mambo yenyewe yalitokea zile siku za ruksa, serikali imeachia biashara, mitumba imejaa sokoni, kila mwenye jenereta amefungua kibanda cha video, na wanunuzi binafsi wa kahawa ndiyo wameanza kuingia wilayani na malori yao, wakati mwanzo tulizoea chama cha ushirika peke yake. Mimi nilikuwa seremala kwenye maghala ya chama hicho hicho (natengeneza milango, meza za makarani, vitu vya namna hiyo), na wanunuzi walipoingia chama kikapunguza watu, na mimi nikawa miongoni mwa waliopunguzwa. Nina mke, Redempta, nina watoto wawili na wa tatu yuko njiani, na sina mahali pa kuweka hata benchi la kurandia mbao. Kaka yangu Castory akatuma salamu kutoka kijijini kwetu Kitura kwamba jembe langu lipo, limenolewa, linanisubiri. Sidharau jembe, jamani. Nimekulia kwenye ngolo, yale mashimo tunayochimba sisi Wamatengo kwenye miteremko tukayazungushia majani ili mvua isibebe udongo, na nayajua mpaka kwenye mifupa ya mgongo. Lakini ufundi nao nilikuwa nimeutafuta kwa shida, na kurudi nyumbani na msumeno kwapani, Castory akinitazama kwa ule uso wake wa "si nilikuambia", kulikuwa kunaninyima raha ya chakula.

Ndipo akatokea Mama Eliza. Huyu ni mama wa Kinyasa, Mwanglikana wa kule ziwani, mjane, ambaye kwa miaka alikuwa anapanda milima juu ya malori na magunia yake ya dagaa na mbasa wakavu, anauza, anashuka, anapanda tena, mpaka akapata kiwanja hapo Mbinga kando ya barabara akajenga hoteli yake ya samaki, na vyumba vinne vya wageni nyuma. Mbele ya hoteli kulikuwa na baraza pana, lenye paa zuri na mwanga wa kutosha. Nilipoliona lile baraza moyo ulinipiga. Nikaenda, nikamwamkia shikamoo, nikamwomba niweke benchi langu pale.

Akanitazama kuanzia kichwani hadi kwenye ndala. "Marahaba. Baraza nitakupa, baba, lakini nikuone kwanza kazini. Nitengenezee kibao cha mbele na vibao vya funguo za vyumba. Siku ya ufunguzi ikipita bila aibu, baraza ni lako."

Bila aibu. Ndiyo maneno yake yenyewe.

Nilidhani ananipa mbao. Akaingia ndani akatoka na kitu kimefungwa blanketi kama mtoto mchanga, akafungua, na humo mna plastiki ngumu nyekundu, inang'aa kama kioo, ndefu kuliko mimi, na vipande vidogo kumi vya plastiki hiyo hiyo vya kuning'iniza kwenye funguo. Mdogo wake alivileta kutoka Dar es Salaam kwa taabu, amevibeba mapajani safari nzima. Kibao kikubwa kilikuwa kimoja, hakuna kingine, na kilitakiwa kuandikwa neno moja tu kwa rangi nyeupe, KARIBUNI. Nikamuuliza, mbona jina la hoteli haliandikwi? Akasema, "Jina langu watalijua wakishashiba."

Nikaanza na vipande vya funguo. Nikakibana cha kwanza kwenye jiliwa, nikachukua keekee yangu ya mkono ya kutobolea na biti kali niliyoinoa mwenyewe, nikazungusha kwa mwendo ule ule wa kutoboa mbao za mninga. Biti ikazama vizuri, nikaanza hata kupiga mluzi, ikafika upande wa pili, tak! Kipande kikamegeka mdomo. Cha pili kikapasuka katikati. Cha tatu nikasema hapa ni nguvu tu imepungua, nikaegemea kwa kifua, kikatoka vipande vitatu na kimoja kikaniruka juu ya nyusi. Kufika cha tano mluzi ulikuwa umekwisha zamani. Vimebaki vitano, vyumba vinne, na lile blanketi pale pembeni linanitazama.

Redempta akanikuta nimekaa kwenye vumbi jekundu. Akaokota kipande, akakigeuza, akasema, "Hii si kama meno ya mama mkubwa?" Nikamwambia asinitanie, nina matatizo. Akasema, "Sitanii. Meno yake ya bandia ni plastiki, yalivunjika, na Skola aliyatoboa akayaunga. Nenda kwa Skola."

Skola, yaani Dada Skolastika, alikuwa fundi wa meno ya bandia kwenye hospitali moja ya misheni kule milimani, umri wetu ni mmoja, ulimi wake una pilipili. Nikapanda kwa miguu, asubuhi ya Julai yenye baridi ya kung'ata masikio, nikamkuta amevaa koti jeupe, mbele yake meno ya watu yamepangwa kwenye trei yanacheka. Nikamweleza. Akaomba aone biti yangu, akaigusa kwa kidole, akacheka mpaka akavua miwani.

"Kaka Beno, hii ni ya kuulia nguruwe. Mbao inataka kuliwa, plastiki inataka kukwanguliwa. Biti kali ikifika mwisho inajivuta yenyewe, inang'ata, ndiyo maana unabaki na mapengo."

Akachukua jiwe la kunolea, akaupitisha mdomo wa biti juu yake mara mbili tatu, si kuinoa bali kuiua makali (niliumia, maana niliinoa nusu siku). Akachukua kipande cha plastiki ya rangi ya ufizi, akaweka chini yake ubao mkavu, akavibana pamoja ili pasiwe na uwazi, akadondosha maji ya sabuni, akaanza kuzungusha polepole. Kila baada ya mizunguko michache anatoa biti, anapangusa, anaacha ipoe, anarudi. Ukoya wa plastiki ukatoka mrefu, laini, umejikunja. Akaniambia ukitoka unga, ujue unakwenda vibaya, na ukisikia harufu ya kuungua, simama. Alipokaribia mwisho akalegeza mkono kabisa, biti ikapita ikaingia kwenye ubao wa chini, na plastiki haikujua hata imetobolewa. Akanifundisha pia tundu liwe pana kuliko skrubu, maana plastiki ikipigwa jua inatanuka, inahitaji nafasi, na chini ya kichwa cha skrubu niweke kiduara cha mpira wa ndala, halafu nisikaze mpaka mwisho.

Nilipokuwa naaga akanishika mkono. "La mwisho, na hili ndilo kubwa. Ukiona ufa, hata kama ni mdogo kama unywele, usiufiche. Toboa katundu kadogo pale unapoishia, utasimama hapo hapo. Ukiunyamazia utatembea."

Nikaitikia ndiyo, ndiyo, kama mwanafunzi mwema. Nikashuka na furaha, nikatoboa vile vitano vilivyobaki, vyote vikatoka salama, matundu yake mazuri kama vimezaliwa nayo. Nikatoboa kile kikubwa, matundu mawili kushoto na mawili kulia, nimekaa na ubao chini, maji ya sabuni, pole, pole, na ukoya mwekundu ukanijaa magotini. Nikaandika KARIBUNI kwa rangi nyeupe, herufi nene. Siku ya ufunguzi, asubuhi na mapema, ukungu haujaondoka, nikakifunga kwenye nguzo mbili mbele ya hoteli, skrubu fupi na mipira ya ndala, yote kama nilivyofundishwa. Nikarudi nyuma hatua kumi kukitazama. Jamani, kilipendeza. Ningeondoka hapo hapo nikaenda kuoga, leo nisingekuwa na hadithi.

Ila nikaona katikati kimebonyea kidogo. Kidogo tu, hakuna mtu ambaye angeona isipokuwa mimi na Mungu. Nikajiambia, Beno, weka kipande cha ubao kwa nyuma hapo katikati, kati ya herufi I na herufi B, ukikaze kwa skrubu moja, kibao kitanyooka. Wazo si baya. Tatizo ni kwamba keekee yangu nilikuwa nimeiacha nyumbani, na mwenye kibanda cha video jirani alikuwa ameshawasha jenereta na ana drili ya umeme mpya kabisa, na akaniambia, "Chukua fundi, mbona unateseka, dunia imebadilika." Biti yake ilikuwa kali kama wembe. Nililiona hilo. Nikasema tundu lenyewe ni moja tu.

Na sasa sikieni upumbavu wenyewe. Ule ubao wa kuweka nyuma nilikuwa nao mkononi. Mkononi, jamani! Ningemwita mtu mmoja aushike kwa nyuma nikatoboa, basi. Lakini wote walikuwa jikoni, na mimi sikutaka waone bado nahangaika, nikaubana ubao kwapani, nikaanza kutoboa plastiki ikiwa imesimama hewani, nyuma yake hakuna kitu. Drili ikanguruma, biti ikaingia kama kwenye ndizi, ikafika mwisho, ikajivuta, tik.

Haikuwa tak, ilikuwa tik. Nikasogeza jicho. Kutoka kwenye tundu, ufa mwembamba umeshuka kama urefu wa kidole.

Nilijua la kufanya. Sikuwa nimesahau, msije mkanitetea. Sauti ya Skola ilikuwa masikioni. Lakini katundu kengine katikati ya kibao chekundu, kila mtu akaone? Na nimwite Mama Eliza, nimwambie nimekiharibu asubuhi ya sherehe yake, na baraza ndiyo hivyo tena? Nikachukua kipande cha sabuni, nikausugua ufa mpaka ukapotea. Nikakaza ubao kwa skrubu, nikakaza sana, kwa hofu, bila mpira, nikidhani nausaidia ufa ushikane. Nikatandaza khanga mpya ya Mama Eliza juu ya kibao, tayari kwa kufunuliwa. Mama Eliza akatoka, akatazama umbo la kibao chini ya khanga, akaniambia, "Asante, mwanangu." Hilo neno mwanangu lilinichoma, na bado nilinyamaza.

Sherehe ilikuwa saa nne. Diwani akafika saa saba (nadhani hilo halihitaji maelezo). Kwa saa zile zote ukungu uliondoka, jua la Julai likatoka kali, na mimi nimesimama chini ya kibao kama mlinzi wa benki, jasho linanitoka, nasikia juu ya kichwa changu vitu vidogo vidogo, tik, baadaye kidogo tik tena. Plastiki inatanuka, skrubu imekazwa, nafasi hakuna. Watu wamejaa mpaka barabarani, padre wa Kianglikana amepanda kutoka ziwani na maji yake ya baraka, harufu ya mbasa wa kukaanga inawatoa watu udenda, hotuba zinaendelea kuhusu maendeleo na sekta binafsi. Diwani akaitwa afunue.

Akashika pindo la khanga, akavuta kwa madaha. Khanga ikakwama. Imekamata kwenye kichwa cha ile skrubu yangu ya katikati. Watu wakacheka kidogo, na diwani ni mtu mwenye mwili na heshima yake, hakutaka kushindwa na khanga mbele ya wapiga kura, akashika kwa mikono miwili, akavuta kiume.

Mlio wake siwezi kuuigiza. Ufa ulipasua kibao juu hadi chini kati ya I na B, na upande wa kushoto wote ukang'oka na khanga yake na ubao wangu, ukamwangukia diwani kifuani, akaukumbatia asianguke. (Na niseme haki, matundu aliyonifundisha Skola hayakupasuka hata moja, ni skrubu ndizo ziling'oka kwenye nguzo ya mti mbichi.) Vumbi likatulia. Diwani ameshika KARI. Juu kwenye nguzo ya kulia, herufi nyeupe nene, zinang'aa juani, limebaki neno BUNI.

Halafu mtu nyuma akasoma kwa sauti, silabi kwa silabi, "Bu-ni." Mwingine akasema, "Kumbe mama huyu ananunua buni!" Padre, kwa kuwa alikuwa ameshanyanyua mkono wa kubariki na hakujua pa kuurudisha, akasema, "Basi Bwana aibariki na buni yetu," na umati wote ukaitikia amina na kuangua kicheko. Nilimtazama Mama Eliza. Hakucheka, wala hakukunja uso. Alikuwa ananitazama mimi. Hapo ndipo niliposhika njia ya jikoni, na ule ungo mnaujua.

Sikusimama mpaka Kitura. Redempta nilimwachia maneno mlangoni kwamba naenda kumsaidia kaka. Castory aliponiona hakuuliza hata swali, alinikabidhi jembe, na habari zilipomfikia kesho yake (habari huko kwetu hupanda mlima haraka kuliko gari) alikaa juu ya tuta akanipa kazi kwa kidole. "Si ulipenda kutoboa? Toboa hapa, mdogo wangu. Udongo haupasuki." Nikachimba ngolo siku mbili, nikiona baraza lile mbele ya macho kila ninapoinama, na si kwa sababu ya kazi tu. Yule mama aliniita mwanangu nikiwa nimemficha ule ufa.

Siku ya tatu nikasikia mbwa wanabweka, nikainua kichwa, nikamwona Mama Eliza anapanda mteremko, mtu wa ziwani kwenye milima yetu, khanga kiunoni, ndala mkononi, anahema kama injini. Castory akaacha kucheka. Mimi nikapiga goti pale pale kwenye shimo, nikasema shikamoo kwa sauti isiyosikika.

"Marahaba," akasema, akatafuta pumzi. "Fundi, kwangu kumejaa watu na magunia. Wameona BUNI, wameona na mizani yangu ya kupimia samaki inaning'inia nje, wakasema mama wa ziwani ananunua buni na hana makato. Nawaambia sinunui, wanasema nawaficha bei. Mimi kahawa naijua kwenye kikombe tu. Njoo uwaeleze mwenyewe."

Mnaelewa hapo? Buni ni ile kahawa iliyokaukia na ganda lake, ambayo wanunuzi wengi walikuwa wanaikunjia pua, inakaa tu kwenye vihenge. Watu kusikia kuna mahali inanunuliwa, wameikusanya yote. Nikataka ardhi inimeze, na shimo lilikuwa tayari.

Tukashuka pamoja. Njia nzima hakunigombeza, na hilo lilikuwa zito kuliko matusi. Tulipokaribia, nikaona foleni kutoka barazani hadi barabarani, magunia, madebe, na bibi mmoja mwembamba mbele kabisa amekalia debe lake, ametoka nalo mbali kwa kichwa. Mama Eliza akanisimamisha barazani, akapiga makofi wanyamaze, akasema, "Huyu ndiye mwenye kibao," akakaa.

Nikasema kibao kilikuwa KARIBUNI. Wakacheka, wakasema kilivunjwa na diwani. Hapo nikaona mlango mzuri wa kutokea, jamani, mlango mpana, nimwachie diwani. Nikamtazama Mama Eliza. Nikasema hapana, nilikivunja mimi asubuhi ile, nilitoboa bila ubao nyuma, kwa biti kali, na nilipouona ufa nikaupaka sabuni nikanyamaza, nikamwacha mama huyu aite watu kwenye aibu yangu. Kwa kweli nililia, sikujua kama nitalia.

Bibi yule akawa wa kwanza kusema. "Sasa, mjukuu wangu, buni yangu nairudisha kwa kichwa cha nani?" Kabla sijajibu Mama Eliza akasema, "Kwa cha kwake." Watu wakacheka tena, lakini kicheko kilikuwa kimepoa makali. Mama Eliza akaamuru sahani zitoke, wote waliobeba kahawa wale samaki kwanza, hawezi kuwarudisha watu milimani na njaa kwa kosa lililotokea mlangoni kwake. Halafu akaingia ndani, akaja na KARI imefungwa kwenye lile blanketi, akainyoosha mbele yangu. "Unga. Hapa hapa, wakuone."

Nikatuma mtu kwa Redempta akaleta keekee na biti yangu iliyouawa makali. Nikaishusha BUNI, nikazilaza nusu zote mbili juu ya meza ya kulia chakula, chini yake ubao mpana, nikabana. Matundu manne, mawili kila upande wa mstari. Watu wakanizunguka, wanatafuna samaki, na mimi nikaanza. Maji ya sabuni. Mizunguko michache, toa, pangusa, subiri. Tundu la kwanza lilipokaribia mwisho hata waliokuwa wanatafuna walisimamisha taya. Nikalegeza mkono. Biti ikapita ikaingia kwenye ubao, na plastiki haikusema kitu. Bibi akashusha pumzi akasema, "Ehee!" La pili likapita, la tatu likapita. La nne nilisikia kitu, nikaacha hapo hapo, nikasema kwa sauti, "Mama, nimesikia mlio, ngoja niangalie." Akaja akainama na mimi, vichwa vikagongana. Ulikuwa mfupa wa samaki, mtu kaukanyaga. Mama Eliza akacheka kwa mara ya kwanza tangu diwani aivute ile khanga, akanipiga kofi la mgongoni, na mimi nikajua nimesamehewa, mwili wote ukawa mwepesi.

Nikazifunga nusu zote mbili kwenye ubao mmoja wa nyuma kwa skrubu na mipira ya ndala, na tulipokipandisha kilisomeka KARIBUNI, na mstari mmoja katikati unaonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Nikamwambia nitaupaka rangi nyekundu usionekane. Akakataa. "Uache. Na wewe leta benchi lako uliweke hapa chini yake. Kodi yako ya baraza ni moja: mtu akiuliza ule mstari ni wa nini, unaacha kazi, unamweleza yote, na usiruke pale uliponyamaza."

Nilishindwa kusema asante. Nilijitwika lile debe la bibi nikampeleka nalo mpaka kwake (ni mbali, jamani, siwatanii, na aliniongelesha kuhusu magoti yake safari nzima), na njiani peke yangu wakati wa kurudi ndipo nikaisema, kwa sauti, mara nyingi, kama mwendawazimu.

Nimefanya kazi kwenye baraza lile miaka mingi. Watoto wangu wamesoma kwa baraza lile. Biti kali sijaigusa tena kwa plastiki, sijatoboa kitu bila kuweka ubao nyuma, na nimeapa kwamba nikisikia tik popote, kazini, nyumbani, hata kwenye ndoa, nasema siku ile ile. Dada Skola namshukuru kwa mikono yangu hii. Mama Eliza amerudi ziwani, miguu haipandi milima tena, hoteli iko kwa binti yake, na hakuna anayenisimamia kuhakikisha naeleza. Naeleza tu. Kwa hiyo msinishukuru kwa kuwachekesha, mimi hapa nimelipa kodi yangu.